Mama Muhuri na Barua za Ijumaa

Mama Muhuri wa Dirisha la Tatu: hilo ndilo jina lake kamili, na tangu alipokabidhiwa muhuri wa tarehe na funguo za visanduku vya barua hakuna aliyemwita kwa jingine, hata wale waliosoma naye. Ni binti wa mwashi aliyeshika nyundo akabomoa ukuta wa shule alioujenga mwenyewe, ukuta uliokwisha kukaguliwa na kusifiwa, kwa sababu asubuhi alipita akauona umepinda upana wa kidole. Ni mjukuu wa mkunga aliyezalisha mitaa mitatu, na aliyemtoa nje bwana mkubwa mmoja kwa kuingia na viatu chumbani kwa mzazi. Yeye mwenyewe alimaliza darasa la saba akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, na jambo hilo hajalisahau. Alifiwa na mume mtoto akiwa bado hajaota meno, akamlea peke yake. Mwaka wa mafuriko, maji yalipopanda mpaka kwenye kaunta ya posta, wenzake walikimbia na redio na viti. Yeye alitoka na mfuko wa barua kichwani, maji yakiwa kifuani. Miaka ishirini na sita, barua maelfu kwa maelfu, na hakuna hata moja iliyopotea mikononi mwake. Akisema hivyo hajisifu. Anakupa taarifa.

Yaliyompata yalimpata mwaka wa pili wa vita. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, lakini vilikuwa vimeingia kila mahali: taa za barabarani hazikuwashwa tena, vioo vya posta vilibandikwa karatasi za gundi kwa mshazari, na ukutani kulikuwa na tangazo kwamba atakayetoa habari za kambi atashitakiwa. Mwanawe wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Kishada kwa kuwa utotoni hakuna karatasi iliyopita mbele yake asiirushe, alikuwa amechaguliwa kujifunza urubani wa jeshi. Kambi ya ndege ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa basi. Ungempa Mama Muhuri habari za mvua, akakujibu habari za ndege.

Mtoto huyo alijifunzia kuandika nyuma ya posta, ameketi juu ya mfuko wa barua, kwa fomu zilizoharibika. Mama yake alimwambia herufi zisimame kama watu wenye adabu kwenye foleni, hakuna wa kumwegemea mwenzake, na anwani ianze vidole viwili kutoka ukingoni. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza mfuko wa kambi ulipofunguliwa na kumwagwa mezani, Mama Muhuri alisimama akatazama. Bahasha tisa zilikuwa na mwandiko mmoja, wa mwanawe. Moja yake, nane za watu wengine.

Alifungua ya kwake kabla ya kuchambua nyingine, kosa ambalo angemkaripia mtu mwingine kwa kulifanya. Kishada alikuwa ameeleza. "Hapa bwenini wananiita Karani," aliandika. "Mtu akishuka kwenye ndege mikono inabaki ikitetemeka kwa mtikisiko wa usukani, kalamu haishikiki. Sijui kwa nini ya kwangu haitetemeki. Basi kila Jumapili nakaa juu ya sanduku katikati ya vitanda, wenzangu wamelala chali wanasema, mimi naandika."

Mama Muhuri alizigonga barua zile nane muhuri mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta.

Mojawapo ilikuwa ya Mama Mikate, mwenye tanuri nyuma ya posta. Mwanawe alikuwa bweni moja na Kishada na aliitwa Filimbi, kwa kuwa hakuweza kwenda hatua kumi bila kupiga mluzi. Mama Mikate alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Kila Ijumaa saa nne alikuja dirishani, akajifuta mikono mara mbili kwenye aproni kabla ya kuigusa bahasha, akasoma hapo hapo kwa sauti, neno kwa neno, watu wa foleni wakitaka wasitake.

"'Mama, sijambo. Joto kali. Nitumie soksi.'" Akageuza karatasi kuangalia nyuma. "Basi. Ndiyo barua. Soksi tena? Mwenzangu, nilizaa mtoto au nilizaa tandu?"

"Shukuru anaandika."

"Haandiki huyo. Anaandika wa kwako. Wa kwangu hata jina lake alikuwa analiandika kama kuku amepita."

Ndivyo zilivyokwenda barua tangu mwanzo wa mwaka. Mwezi wa tatu zikabadilika. Filimbi akaanza kuuliza habari za goti la mama yake. Akamkataza kunyanyua magunia ya unga peke yake. Akakumbuka siku moja ya utotoni alipounguza kiganja kwenye mlango wa tanuri na mama yake akamkalisha akiwa ameshika beseni la maji mpaka jioni, akasema hakumshukuru siku ile, anamshukuru sasa. Mama Mikate alisoma hiyo, akaurudia mstari wa mwisho mara mbili.

"Jeshi limenifunzia mtoto," alisema. "Miaka kumi na tisa nilipiga kelele, hakusikia. Miezi mitatu wale, amekuwa mtu."

Mama Muhuri alifurahi naye, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mchanga ndani. Barua zake yeye zilikuwa zinapungua. "Mama, mimi mzima. Naruka. Salamu kwa wote." Anakaa anatunga maneno matamu kwa ajili ya mama wa mwenzake, aliwaza, mimi aliyenizaa ananiachia makapi. Aliona wivu, na alijikasirikia kwa kuuona.

Mwezi wa sita, siku ya Jumanne, alikuja dirishani kijana mmoja mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Alikuwa ameachishwa mafunzo kwa sababu ya mfupa wa bega, na alikuja kuchukua sanduku lake la nguo lililotumwa kutoka kambini kama kifurushi. Mama Muhuri aliisoma lebo, akachangamka.

"Umetoka huko? Basi unamjua mwanangu. Karani."

"Karani nani hamjui, mama. Nusu ya barua zangu kaandika yeye."

"Hajambo?"

"Mzima. Anaruka vizuri kuliko sisi wote."

"Na Filimbi?"

Kijana alikuwa anatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Kalamu ikasimama.

"Filimbi yupi, mama?"

"Mko na mafilimbi wangapi? Mtoto wa mwenye mikate hapo nyuma. Ijumaa iliyopita kamwandikia mama yake barua kurasa mbili."

Kijana alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja aliyekuwa akilamba stempu. Akainamia tundu la dirisha.

"Mama, Filimbi alianguka mwezi wa tatu. Ndege ilinyanyuka, ikasita, ikalala ubavu. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi nikingoja zamu yangu, nilikuwa mimi baada yake. Walimzika siku ile ile nyuma ya maghala. Tukaambiwa ajali za mafunzo hazitangazwi mpaka vita viishe." Akatazama tena nyuma yake. "Sikusema kitu, mama. Nimekuja kuchukua sanduku."

"Chukua sanduku lako, baba," alisema Mama Muhuri. "Hukusema kitu."

Siku ile mihuri ilipigwa mpaka mkuu wa posta akatoka ofisini kuuliza kama kuna seremala.

Alihesabu kichwani, maana kila barua ilipita chini ya muhuri wake. Tangu mwezi wa tatu Mama Mikate alikuwa amepokea barua kumi na moja. Kumi na moja kutoka kwa mtu aliye chini ya ardhi, na zote zilikuwa na zile herufi zilizosimama kwenye foleni kwa adabu, vidole viwili kutoka ukingoni.

Usidhani hakujua maana ya jambo lile. Katika vita vya kabla ya hivi kaka yake mkubwa alikwenda na hakuna aliyekuja kusema lolote. Mama yao alikataa kuhama nyumba yenye paa bovu miaka kumi na tisa. Kila walipopata nyumba nzuri alisema kijana anaujua mlango huu tu. Mvua ilimnyeshea kitandani na hakuhama. Baadaye sana ndipo alipopatikana mpishi mmoja wa jeshi aliyesema, akiwa anakula, kwamba kaka yule hakumaliza hata wiki ya pili. Mama Muhuri alikuwa amebeba hasira juu ya mpishi yule na wakubwa wake tangu akiwa msichana, na alidhani amekwisha izoea.

Ijumaa mfuko wa kambi ulimwagwa mezani na barua ya kumi na mbili ikawamo.

Barua haizuiwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine. Lakini kulikuwa na karatasi ndogo za kijani za kurudishia barua, zimechapwa neno MWANDIKIWA na chini yake visababu vinne vyenye visanduku: amehama, hajulikani, amekataa, amefariki. Mama Muhuri alitoa moja kwenye droo. Alikata neno "Mwandikiwa" kwa mstari ulionyooka, juu yake akaandika "Mtumaji", akatia alama kwenye kisanduku cha nne. Akaibandika kwenye bahasha, akagonga tarehe, akaitupa kwenye mfuko wa saa saba unaorudi kambini. Hakuizuia. Aliirudisha kwa utaratibu.

Saa nne Mama Mikate alikuwa dirishani anajifuta mikono.

Hapo ndipo Mama Muhuri alipotaka kusema. Alikuwa na maneno yote. Lakini macho yakaliona lile tangazo la ukutani, na nyuma ya tangazo akamwona mwanawe amefungwa pingu. Tena kulikuwa na aibu. Atamwambiaje mwenzake kwamba uongo wote ule umeandikwa kwa mwandiko aliomfundisha yeye? Akafungua mdomo, yakatoka maneno ya dirishani.

"Leo hakuna yako."

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Atakuwa ameruka mbali," alisema Mama Mikate, akaenda.

Ijumaa ya pili ikawa vile vile, barua ikaja, karatasi ya kijani ikabandikwa. Safari hii Mama Mikate hakuondoka.

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

"Angalia chini ya kikombe chako cha chai. Mwanangu hajakosa hata wiki moja tangu mwezi wa tatu. Wiki mbili hizi zimekwenda wapi?"

"Mwenzangu, miaka ishirini na sita sijapoteza barua."

"Basi umeanza. Kila kitu kina siku yake ya kwanza." Foleni ikacheka. Mama Mikate hakucheka. "Au unaona uchungu? Niambie. Watu wanasema wako anakuandikia mistari mitatu, wangu ananiandikia kurasa. Mimi sikumwambia mwanao awe mkavu."

Mama Muhuri alifunga dirisha la tatu saa nne na robo, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku aliyofiwa, akaenda kukaa stoo kati ya mifuko. Hakulia. Alizitazama ngumi zake zikiwa magotini akashangaa jinsi zilivyokuwa zimekunjwa. Hakumkasirikia Mama Mikate. Alikuwa akimtafuta anayestahili hasira yake, na alidhani ni mwenye kambi.

Naye mwenye kambi akaja, au mjumbe wake. Jumatano gari la jeshi lilisimama mbele ya posta, akashuka ofisa mmoja kijana kwa umri, nywele zimechanwa, soksi zimevutwa. Alipita foleni yote mpaka mbele. Akaweka bahasha mbili kwenye kaunta, karatasi za kijani zikiwa juu.

"Mama, nani anabandika hizi?"

"Foleni inaanzia kule," alisema Mama Muhuri.

"Nimeuliza nani."

"Mimi. Na foleni inaanzia kule."

Mkuu wa posta alikuwa amekwisha toka ofisini anatabasamu kama mtu aliyepigwa. Aliwaingiza wote wawili chumba cha vifurushi, akafunga mlango, akabaki nje.

"Umeandika kwamba mtumaji amefariki," alisema ofisa. "Huyu ni mwanafunzi wetu. Yuko hai."

"Basi mlete nimwone."

Ofisa alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akabadilisha sauti ikawa laini. Akamwambia yeye ni mama mwenye akili, mtumishi wa siku nyingi, watu kama yeye ndio nguzo. Mama Muhuri alimwacha amalize kumvisha kilemba cha ukoka.

"Zamani," alisema ofisa, "kila tulipopata ajali mama alikuja kulia getini. Unajua mama mmoja akilia getini wanafunzi wangapi hukosa usingizi? Na rubani aliyekosa usingizi anaanguka. Barua hizi zinaokoa watu, mama. Mwanao mwenyewe analala vizuri."

"Kwa hiyo mnatunza usingizi."

"Tunashinda vita. Vitakapoisha wote watajulishwa. Kwa heshima zote, kwa bendera."

"Vitaisha lini, bwana ofisa?"

"Hilo nani analijua?"

"Andika tarehe hapa," alisema Mama Muhuri, akamsukumia kipande cha karatasi, "nami nitaigonga muhuri. Ukishindwa kuiandika, usiniambie habari za kungoja. Mimi nimeuona mwisho wa kungoja. Unanyesha kitandani."

Ofisa hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. Alisimama akavaa kofia.

"Mwanao amebakiza wiki sita avishwe mabawa. Ingekuwa jambo baya kama angezuiwa kwa sababu ya mzazi wake." Kisha, akiwa ameshika kitasa, akatabasamu, na lile tabasamu lilimkaa Mama Muhuri siku tatu kama mwiba. "Nitampa ruhusa Jumamosi na Jumapili. Zungumza naye. Atakueleza yeye vizuri kuliko mimi."

Kishada alifika Jumamosi saa sita mchana. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu ndani ya kola ya sare, na alipomshika mama yake mikono, mikono yake haikutetemeka. Mama Muhuri aliliona hilo na halikumpendeza. Alimkaribisha mezani. Ni chumba kimoja cha kukaa na kimoja cha kulala, meza ndogo dirishani, viti viwili. Chai ilikuwa tayari. Mkate ulikuwa tayari.

"Kula."

"Nimeshiba, mama."

"Umetoka nusu siku ya basi umeshiba nini? Vumbi?"

Kijana aliutazama mkate. "Wa nani huu?"

"Unajua wa nani."

Hakuugusa. Aliishika chai kwa mikono miwili akasema ameonyeshwa zile karatasi za kijani. Akasema bwenini wote wamesikia, kwamba mama yake Karani amewajibu wakubwa, na wengine wameficha vicheko ndani ya mito.

"Hukuja hapa kunichekesha. Nataka kujua yule ofisa alikulazimisha vipi. Alikutisha? Alikupiga? Niambie nijue pa kuanzia na yule mvuta soksi."

"Hakunilazimisha."

"Usimtetee."

"Mama, nilianza mwenyewe."

Nje kulikuwa na mtu anapiga misumari kwenye paa. Mama Muhuri alingoja mpaka misumari ikanyamaza.

"Sema tena."

"Jumapili kabla hajaanguka alikuwa amelala chali anasema, mimi naandika. Alisema, mwambie mama sijambo. Akapitiwa na usingizi. Jumatatu akaanguka. Ile karatasi ikabaki kwangu na mstari mmoja. Nikasema siwezi kupeleka mstari mmoja. Nikaimaliza." Alikuwa anaongea na kikombe. "Nilifikiri ni hiyo moja tu. Kisha jibu likaja. Mama yake alimtumia soksi jozi nne, na ndani ya soksi kaandika barua. Nilifanyaje na soksi zile? Nikajibu. Alifurahi. Akajibu tena. Yule ofisa aliyekuja kwako ndiye mkaguzi wa barua; akazigundua, nikajua nimekwisha. Badala yake akanipigia saluti. Akasema hii ni kazi ya maana kuliko kuruka. Akaniletea majina mengine matatu."

"Matatu."

"Wameanguka watatu wengine tangu hapo."

Sasa Mama Muhuri alielewa lile tabasamu. Yule bwana alikuwa amempelekea hasira yake nyumbani, imevaa sare, imekonda, imeketi kwenye kiti cha baba yake. Alisimama kwa ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Nilikufundisha kuandika ili unifanyie haya?"

"Niliwaonea huruma."

"Hukumwonea huruma. Ulijionea wewe. Ulitaka uwe mtoto mwema wa mtu mara mbili. Ulimpa mwanamke yule mtoto asiye wake. Mtoto wake alikuwa anaomba soksi, hajui kusema ahsante, anapiga mluzi. Huyo ndiye anayetakiwa kuliliwa. Wewe umemtungia mwingine mwenye adabu, siku akiambiwa atawalilia watoto wawili, na mmoja hakuwahi kuwapo. Lile beseni la maji lilikuwa la nani?"

Kishada aliinamisha kichwa. "Alinisimulia yeye, siku moja. Ya shukrani niliiongeza mimi."

"Uliiongeza." Alizunguka meza, ambayo haikuhitaji hatua zaidi ya tatu, akarudi. "Mimi wananitukana dirishani kwamba nimeiba barua. Mama yake Filimbi anadhani namwonea wivu. Na kweli nilimwonea. Nilikaa nikamwonea wivu mwenye mtoto aliyekufa, kwa ajili ya maneno yako."

"Nitaacha kuandika."

"Na wao watangoja zaidi. Hiyo ndiyo dawa yako?"

"Nikisema watanifunga, mama. Mabawa nitayaona kwa wenzangu. Wiki sita tu zimebaki."

Hapo jambo moja lilipita moyoni mwa Mama Muhuri, na hakulikaribisha. Akifungwa haruki, asiporuka haanguki. Atatoka gerezani akiwa na viungo vyote. Aliliona wazo hilo limesimama mlangoni limevaa nguo nzuri, akalijua kuwa ni la uoga, akazidi kuwaka. Maana lilikuwa ni lile lile la ofisa, kila mtu anatafuta njia ya kulinda wake kwa kumzibia mwingine masikio.

Aliokota kiti akakiweka sawa. Akaketi. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya dirishani, ile ambayo hata wakuu wa wilaya huisikiliza.

"Sitakuambia usifungwe. Hilo la wenye sheria. Sitakuambia uruke au usiruke. Nasema hivi: barua uliandika wewe, si jeshi. Kwa hiyo utakwenda wewe, si bendera. Hukupewa amri kuanza, usingoje amri kumaliza."

"Nitamwambia nini?"

"Siku aliyoanguka. Saa. Ndege ilifanya nini. Amezikwa wapi, upande gani wa hayo maghala, ili akitaka kwenda ajue pa kusimama. Ukimaliza hayo, umwambie barua zipi ni za mwanawe na zipi ni zako. Anazo zote, atazileta. Utakaa uzitenge mbele yake moja moja. Akitaka kuzichoma zako, umwachie. Akitaka kukupiga, usirudi nyuma."

Kijana alipanguza uso kwa kiganja. "Na wale watatu?"

"Wana mama zao. Majina unayo, anwani umeziandika mwenyewe mara ngapi sijui. Kesho bado una ruhusa, na basi linaanza saa kumi na mbili asubuhi. Niandikie majina yao leo hii kabla hujatoka; utakaowakosa kesho nitawaendea mwenyewe, na nitasema ni mwanangu aliyenituma."

Alimletea karatasi na kalamu. Kishada aliandika majina matatu, mitaa mitatu. Mama yake alisimama nyuma yake akiangalia mkono ule, na kwa mara ya kwanza aliona kalamu inatikisika. Alikunja karatasi akaitia kifuani.

"Sasa nenda. Saa hizi anatoa mikate ya pili, anakuwa peke yake. Pita mlango wa uani, si wa wateja. Vua kofia. Na usikae mpaka akuambie ukae."